Ganzi ya operesheni ya mtoto wa jicho: matone, sindano au kanula butu?

Mgonjwa akishaambiwa ana mtoto wa jicho, mara nyingi swali la kwanza ni "mtanichoma sindano kwenye jicho?" Na wapo wazee wamekaa nyumbani miaka, ukungu unazidi, kisa jirani kawaambia jicho linachomwa katikati. Sio kweli jamani. Hata ile sindano yenyewe inapita pembeni, kati ya jicho na mfupa, haitakiwi iingie ndani ya jicho, na siku hizi kuna njia zisizo na sindano kabisa.

Matone ndo ya zamani kuliko zote. Mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Karl Koller, aligundua kwamba kokeini ikidondoshwa machoni jicho halisikii maumivu, kabla ya hapo watu wengi walipasuliwa macho huku wanasikia kila kitu. Leo tunatumia tetrakaini na dawa za jamii hiyo, tena daktari anaweza kuongeza lignokaini, dawa nyingine ya ganzi, kidogo ndani ya jicho wakati wa operesheni. Ila matone hayalazi misuli, yaani bado unaona mwanga, unahisi kuguswa na jicho linacheza, kwa hiyo yanafaa zaidi operesheni ya mashine yenye kidonda kidogo, na mgonjwa mtulivu anayesikia akiambiwa "angalia taa, usisogee".

Sindano ziko mbili. Moja inapelekwa nyuma kabisa ya jicho, inashika haraka lakini ncha inakuwa jirani na mshipa wa fahamu wa kuonea na mishipa ya damu, nyingine inaishia pembeni, inataka dawa nyingi na kusubiri kidogo. Tafiti zilizozilinganisha zimeona zinazuia maumivu karibu sawa. Madhara makubwa ni nadra, ila yakitokea ni mazito: damu kuvuja nyuma ya jicho, au ncha kutoboa jicho, na hapo wanaohatarika zaidi ni wale wasioona mbali, wenye miwani ya minasi kubwa, maana jicho lao ni refu. Sasa mtu anavaa miwani hiyo tangu shule halafu siku ya operesheni anaiacha nyumbani na hasemi!

Ya tatu ndo naipenda mimi. Tunaanza na matone, tunakata kitundu kidogo kwenye ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, tunaingiza kanula butu, yaani kimrija chembamba kisicho na ncha kali, inateleza kufuata mviringo wa jicho na dawa inasambaa yenyewe. Inatuliza maumivu kuliko matone peke yake, jicho linatulia, na hatari ya kutoboa inapungua sana hata kama haijaisha kabisa. Ubaya wake, jicho linaweza kuwa jekundu na kuvimba siku chache, ndugu wakiona wanashtuka lakini hiyo inaisha yenyewe. Kwa operesheni ya mkono yenye tundu kubwa kidogo, ile inayofanyika sana kwenye kambi za macho, naona ni chaguo zuri.

Sasa wewe kazi yako ni kusema. Sema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, usiziache kienyeji, sisi ndo tutaamua njia ya ganzi. Sema kama una kikohozi kisichokatika, kama huwezi kulala chali dakika 30, kama mikono au kichwa kinatetemeka, kama husikii vizuri, kama unaogopa sana. Tukijua mapema tunapanga, hata mkohozi anatafutiwa namna.

Ukipewa sindano au kanula, baada ya operesheni kope inaweza kulala na ukaona viwili kwa masaa kadhaa mpaka ganzi iishe, ndo maana tunafunika jicho na tunataka uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Lakini jicho likiuma sana usiku ule, au ukaanza kutapika, usisubiri kliniki ya asubuhi, rudi hospitali usiku huo huo.