Rada, taa za angani na kile ambacho serikali huficha kweli

Na Ofisa Mwandamizi wa Uongozaji Ndege, Kilimanjaro

Simu zimekuwa nyingi. Kila satelaiti za Starlink zinapopita jioni zikiwa zimefuatana mstari mmoja, wakazi wa Njiro, Usa River, Machame na Pasua hupiga simu uwanjani, polisi na redioni, na swali halibadiliki: rada yenu imeona nini, na mbona mmekaa kimya? Siku hizi limeongezeka na jingine, linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba waongoza ndege wa Kilimanjaro husainishwa kiapo cha kutosema habari za vyombo visivyotambulika. Kiapo cha kutunza siri husainiwa na watumishi wengi wa umma, hata wa masjala. Hakikuandikwa kwa ajili ya visahani vya angani.

Ieleweke mapema kwamba makala hii haizungumzi kwa niaba ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, wala haielezi mitambo ya ulinzi wa anga ya nchi yetu. Jeshi lina msemaji wake. Mifano ya rada za kijeshi itakayotajwa hapa ni ya nchi za nje, ambako sehemu ya nyaraka imekwisha kuwekwa wazi.

Uongozaji wa ndege za raia hutegemea zaidi rada ya upili. Hii hutuma ulizo, transponda ya ndege, yaani kifaa cha kujibu kilichomo ndani yake, hujibu kwa namba ya tarakimu nne pamoja na mwinuko wake, na jibu hilo ndilo tunaloliona kwenye skrini. Ni kama mwalimu anayeita majina darasani: asiyeitika, hata awe amesimama mbele ya ubao, kwenye daftari hayupo. Kwa hiyo puto, tai, droni ya kurekodia harusi au chombo cha sayari yoyote mtakayoitaja, kikikosa transponda, rada ya namna hii haikioni. Hatukifichi. Hatunacho.

Rada ya msingi ni habari nyingine. Yenyewe hurusha mawimbi na kusikiliza mwangwi, hivyo inaweza kunasa kitu kisichotaka kujitambulisha, na majeshi duniani kote huitegemea kwa sababu hiyo. Tabu yake ni kwamba hunasa kila kitu: mvua, makundi makubwa ya korongo, mawimbi ya ziwa, na hata magari ya barabarani pale tabaka la hewa ya joto linapokaa juu ya hewa baridi na kuyapinda mawimbi kurudi ardhini. Bila vichujio skrini haisomeki. Mtambo huelekezwa upuuze vitu vinavyokwenda polepole mno, au vyenye mwangwi mdogo mno. Na mtu akishajua rada fulani imeelekezwa ipuuze nini, ameshajua namna ya kuipita.

Hapo ndipo siri nyingi zinapoanzia. Jeshi likikataa kutoa kumbukumbu za rada, mara nyingi linachokilinda ni ile rada. Kilichonaswa, kiwe puto au kiwe nini, huwa kimefunikwa na siri hiyohiyo.

Najua rada hapa kwetu haina jina zuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ilinunua rada ya kampuni ya BAE Systems kwa takribani pauni milioni 28, na mwaka 2010 kampuni hiyo ikakiri mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Pauni milioni 29.5 zilirejeshwa, zikanunua vitabu na madawati ya shule, na "chenji ya rada" ikawa hadithi ya bungeni, ya daladala na ya vijiweni. Mwananchi ana haki ya kukumbuka. Lakini kuna watu wanauchukua mkasa ule wa fedha na kuufanya ushahidi kwamba tunaficha viumbe kutoka nje ya dunia, na hapo uvumilivu wangu hukatika. Rada nne zilizofuata, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, ziligharimu shilingi bilioni 67.3, na bei hiyo ilitangazwa hadharani.

Wenzetu walivyoficha

Usiku wa tarehe 19 Julai 1952, waongoza ndege wa uwanja wa Washington waliona alama saba kwenye skrini mahali ambapo hapakuwa na ndege iliyotarajiwa. Rada ya kambi ya jeshi la anga ya Andrews nayo ikaona. Ndege za kivita aina ya F-94 zilirushwa, na wiki moja baadaye mambo yakajirudia. Tarehe 29 Julai Jenerali John Samford, mkuu wa ujasusi wa Jeshi la Anga la Marekani, aliitisha mkutano na waandishi wa habari, akasema yaelekea ni ile hewa ya joto kupinda mawimbi. Huenda alikuwa sahihi. Ila baadhi ya waongoza ndege waliokuwa mbele ya skrini hawakukubali, kwa sababu mwangwi wa ardhini walikuwa wakiuona kila wiki na waliujua. Kwa maoni yangu kosa la siku ile halikuwa kuficha takwimu. Lilikuwa kutoa jibu jepesi kabla waliokuwa zamu hawajasikilizwa.

Januari 1953 Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, liliita jopo la wanasayansi chini ya mwanafizikia H. P. Robertson. Jopo halikuona tishio la moja kwa moja katika taarifa hizo. Lilichoogopa ni taarifa zenyewe kuziba njia za mawasiliano siku adui anaposhambulia kweli. Likapendekeza wananchi waelimishwe ili jambo hilo lisiwashtue tena, na ripoti yenye pendekezo hilo ikafanywa siri. Hivyo simlaumu sana msomaji anayekunja uso akiona maneno "elimu kwa umma" juu ya makala ya namna hii.

Kisha ikaja adhabu. Chini ya maelekezo ya kijeshi yaliyoitwa JANAP 146, rubani aliyetuma taarifa ya kitu kisichotambulika kupitia mfumo maalumu wa dharura, kisha akaitangaza bila idhini, alikabiliwa na faini ya hadi dola 10,000 au kifungo cha hadi miaka 10. Wanaopenda kuyanukuu maelekezo hayo huruka sehemu moja: yalihusu pia nyambizi, makombora, manowari na ndege za adui. Vitu visivyotambulika vilikuwa mstari mmoja katika orodha ya Vita Baridi.

Na kulikuwa na vitu vya kuficha. Kuanzia 1955 ndege za upelelezi za U-2 zilipaa juu ya futi 60,000, wakati ndege za abiria zilikuwa zikiruka chini ya nusu ya hapo. Jua likiwa limezama kwa rubani wa abiria, huko juu bado lilikuwa linamulika mabawa. Miongo kadhaa baadaye CIA ilidai kwamba zaidi ya nusu ya taarifa za vyombo visivyotambulika za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege zake yenyewe. Wapo watafiti wanaoona dai hilo limetiwa chumvi. Hata hivyo Jeshi la Anga la Marekani, lililokusanya taarifa 12,618 katika Mradi wa Blue Book hadi 1969 na kuacha 701 bila maelezo, lisingeweza kumjibu raia ukweli wote pale ukweli ulipokuwa U-2.

Mifano ya karibuni ni hiyohiyo kwa sura mpya. Novemba 2004 rada ya manowari USS Princeton, iliyosafiri na meli kubwa ya kubeba ndege za kivita USS Nimitz nje ya pwani ya California, ilionesha vitu ambavyo marubani walikwenda kuvitazama kwa macho. Video ya kamera ya ndege ilivuja, ikachapishwa 2017, na Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikaitoa rasmi Aprili 2020 pamoja na nyingine mbili. Kumbukumbu za rada hazikutolewa. Juni 2021 ofisi inayosimamia ujasusi wa Marekani ilitoa ripoti ya kurasa chache: matukio 144, kati ya hayo 80 yalinaswa na zaidi ya chombo kimoja cha uchunguzi, na lililopatiwa maelezo ya uhakika lilikuwa moja tu, puto lililokuwa likipungua hewa. Wabunge walipewa na nyongeza ya siri. Julai 2023 ofisa wa zamani wa ujasusi, David Grusch, aliliambia Bunge la Marekani chini ya kiapo kwamba serikali inaficha mabaki ya vyombo visivyotoka kwa binadamu. Ushahidi wa kuthibitisha hayo haujaoneshwa hadharani, na ripoti ya Pentagon ya Machi 2024 ilisema haukuwepo.

Tukio linalonifundisha zaidi, hata hivyo, ni la puto la China lililopita juu ya Marekani na kutunguliwa tarehe 4 Februari 2023. Baada yake Marekani na Kanada walipanua vichujio vya kasi kwenye rada zao, na mara, ndani ya siku tatu, vitu vitatu vikaonekana na kutunguliwa Alaska, Yukon na juu ya Ziwa Huron. Anga halikuwa limejaa ghafla. Ila kwa kuwaeleza wananchi sababu, majenerali waliieleza pia dunia nzima kwamba hadi wiki iliyotangulia kitu cha polepole kilikuwa na nafasi ya kupita.

Si kila nchi imeshika njia ya kuficha. Ufaransa imekuwa na ofisi ya kiraia ya kuchunguza taarifa hizi tangu 1977, ndani ya shirika lake la anga za juu, na mwaka 2007 ilianza kuweka majalada yake kwenye intaneti. Ubelgiji, ambako F-16 mbili zilirushwa usiku wa 30 Machi 1990 kufuata kilichoonekana kwenye rada, ilizungumza na waandishi bila kigugumizi.

Ukitaka taarifa hapa kwetu

Redioni niliulizwa rada ya Kilimanjaro ina upofu upande gani. Kila rada ina kivuli nyuma ya mlima, na sisi tuna mlima wa mita 5,895 upande mmoja na Meru wa mita 4,566 upande wa pili. Hilo haliwezi kuwa siri. Mipaka ya kivuli hicho sitaichora, hapa wala redioni.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Ombi huwa la maandishi, likitaja jina na anuani ya mwombaji na kueleza taarifa inayotakiwa kwa namna itakayomwezesha ofisa kuitambua. Asiyeweza kuandika kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu hueleza kwa mdomo, na ofisa wa taarifa humwandikia. Jibu hutolewa ndani ya siku 30. Usiporidhika unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada yake unakata rufaa kwa waziri. Barua yenye maneno "toeni kila mnachojua kuhusu vyombo vya angani" haitambuliki kuwa ombi la kitu chochote, na tunazipata.

Sheria hiyohiyo inataja yasiyotolewa, yakiwemo mikakati na uwezo wa kijeshi, na uwezo au udhaifu wa mifumo inayohusiana na usalama wa taifa. Anayetoa taarifa zilizozuiliwa anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu na kisichozidi mitano. Kwa wanaosambaza sauti za "ofisa wa mnara" wasizojua zilikotoka: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote kwa pamoja. Kuuliza si kosa. Wala kusema umeona taa si kosa.

Rubani akiripoti kitu asichokitambua karibu na njia yake, mwongoza ndege huwatahadharisha marubani wengine walio kwenye masafa, huandika kwenye kitabu cha matukio kwa saa ya kimataifa (toa saa tatu kwenye yetu), humjulisha msimamizi wa zamu, na fomu ya tukio hujazwa. Siku hizi tunachowaza kwanza ni droni. Kurusha droni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na cha Wizara ya Ulinzi, na wapiga picha wa harusi wa Kisongo, walio karibu na njia ya kurukia, wanalijua hili kuliko wanavyokiri.

Wewe wa ardhini, andika tarehe, saa, mahali uliposimama, upande taa zilikotokea na zilikoelekea, na muda zilioonekana. Video ya simu iliyokuzwa hadi taa ikawa mchoro wa rangi tatu haitusaidii. Wingu la mviringo lililotulia juu ya Kibo asubuhi halihitaji taarifa.

Mwisho ni suala la muda, na wengi hukwama hapa. Kiambatisho cha 11 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka rekodi za sauti na za rada zitunzwe kwa siku zisizopungua 30. Zikipita, na hakuna uchunguzi uliofunguliwa, mtambo huandika juu ya zile za zamani. Anayekuja baada ya miezi miwili huambiwa hazipo, naye hutoka akisema zimefichwa. Kwa hiyo usingoje. Lete barua ndani ya wiki ya kwanza, mstari wa kwanza utaje tarehe na saa ya tukio, wa pili uombe rekodi ya muda huo itengwe isifutwe, na usiondoke mapokezi kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa siku ilipopokelewa, maana siku 30 za kujibiwa huhesabiwa kuanzia hapo.