Kabla ya kuambua gome la mzabibu, tazama punje

Mkulima wa Naivasha au Bahati, hapa Nakuru, akisikia kwamba kuambua gome kunaongeza utamu wa zabibu, kwanza huuliza: tunaambua mwezi gani? Acha kalenda, ingia shambani utazame punje.

Sukari hutengenezwa kwenye majani, kisha hushuka mizizini kupitia floemu, tabaka laini lililo upande wa ndani wa gome. Maji na madini hupanda kupitia zailemu, ndani ya mti wenyewe. Ukiambua pete nyembamba ya gome, njia ya kushuka inakatika na ya kupanda inabaki salama. Sukari hukwama juu ya kidonda, na vichala vilivyo huko huifaidi.

Pete ikikatwa maua yakishapukutika, vipunje vikiwa na upana wa milimita 4 au 5, zabibu hunenepa. Ndivyo inavyofanyiwa Thompson Seedless, aina ya zabibu isiyo na mbegu. Kuiva hakuharakishwi na pete hiyo; mzabibu uliolemewa na vichala huweza hata kuchelewa, kwa hiyo punguza vichala kwanza. Ukitaka rangi na utamu wa mapema, kwa mfano kwenye Flame Seedless nyekundu, ngoja punje zianze kulainika na wekundu uanze kuchomoza. Zabibu za mvinyo mwekundu singeshauri ziambuliwe ili zinenepe, maana rangi ya mvinyo hutoka kwenye ganda, na punje ikiwa kubwa, maji yake huongezeka kuliko ganda.

Nakuru ina tatizo lake. Hatuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, hivyo macho hayachipui pamoja. Mti mmoja unaweza kuwa na kichala kinachogeuka rangi na kingine kigumu kama njegere mbichi. Ukiambua shina, umeviamulia vyote kwa wakati mmoja. Afadhali uambue tawi moja moja lililofikia hatua yake. Yaliyobaki yataendelea kulisha mizizi.

Bandua kwanza magamba makavu. Kwa kisu kikali na safi, zungusha mikato miwili iliyoachana milimita 4 hadi 6, kisha ung'oe ukanda ulio katikati. Ukiwa umefanya sawasawa, utateleza na kutoka mzima, na chini yake utaona mti mweupe, wenye unyevu, usio na mkwaruzo. Kisu kikizama kwenye mti huo, umekata njia ya maji. Ukiacha hata uzi wa gome, sukari itapenya hapo.

Kidonda hujifunga kwa wiki 3 hadi 6. Muda huo mizizi hula akiba yake, basi usiukoseshe mti maji. Mzabibu mchanga, wenye kiu au uliodhoofishwa na ugonjwa usiuguse kabisa. Kagua pete kila wiki: nyama mpya ianze kutokea ukingo wa juu na kushuka. Mti ambao pete yake imekawia kuziba, msimu ujao usiuambue tena.