Kubuni katika jazz si kupiga chochote

Vijana wengi wa matarumbeta ya makanisani, Mbeya hadi Iringa, huambiwa kwamba warsha ya jazz ni kupoteza muda: eti jazz ni hisia tu, kila mtu anapiga anavyojisikia. Si kweli, na inaniuma, maana inawafukuza watu walio karibu kabisa na muziki huo.

Mpigaji anabuni papo hapo, ndiyo, lakini juu ya mzunguko ambao bendi nzima inaujua. Chukua blues ya kawaida, mtindo wa nyimbo ambao jazz huutumia sana: vipimo 12 (vipande vya muda vinavyolingana), kila kimoja mapigo 4. Kwenye ufunguo wa C, bendi inaanza na kordi (noti zinazopigwa pamoja) ya C, kipimo cha 5 inahamia kordi ya F, cha 7 inarudi C, cha 9 inakwenda G. Mwenye tarumbeta aking'ang'ania noti ya E wenzake wakiwa F, ukumbi wote unasikia mgongano. Akiishusha nusu toni tu, yaani hadi E-flat, inakaa vizuri kabisa. Hayo ndiyo yanayofundishwa warshani, pamoja na kusikiliza besi na kunakili solo za wakongwe kwa sikio.

Charlie Parker mwenyewe, mpigaji saksofoni maarufu wa jazz wa Marekani, alisema mwaka 1954 kwamba kwa miaka 3 au 4 alifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku.

Warsha nyingi za Marekani huwa Juni hadi Agosti, kiangazi chao. Ukijizoeza nyumbani Mbeya wakati huo, ni baridi kali, na noti za tarumbeta lililopoa hushuka chini kidogo ya zinavyotakiwa, kwa hiyo lipashe kwa pumzi kabla ya kulityuni. Kisha anza na blues hiyo ya C, kwa noti tatu tu.