Mafuta ya Taa, Zambarau na Mkaratusi: Ninavyouonja Mvinyo Bora wa Australia

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa msimamizi wa mvinyo katika hoteli moja ya pwani, mgeni mmoja mwenye umri wa baba yangu aliniita mezani kwa sauti ya chini ili asiniaibishe mbele ya wenzake. "Kijana," aliniambia, "chupa hii imeingia mafuta ya taa." Ilikuwa Riesling, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, ya Eden Valley, jimbo la Australia Kusini, iliyokuwa imekaa chupani miaka 12. Niliinusa, nikaionja, nikaona kwamba pua ya mzee yule haikukosea hata kidogo. Kilichokosea ni hukumu tu, maana harufu ile ndiyo hasa aliyokuwa ameilipia. Nilimbadilishia chupa bila ubishi, na ile ya kwanza tukaimaliza na wapishi baada ya zamu.

Hadi siku hiyo nilikuwa nimekariri msamiati wa vitabuni, uliojaa matunda ya vichaka vya Ulaya ambayo sijawahi kuyachuma wala kuyatafuna, ilhali mgeni aliyesomea kwenye mwanga wa kibatari alikuwa na neno sahihi tayari mdomoni. Tangu hapo naandika daftari langu la kuonjea kwa maneno ya pua yangu mwenyewe. Nimeona pia kwamba mvinyo wa hali ya juu wa Australia unaelezeka kwa maneno hayo vizuri kuliko mwingine wowote ninaoujua, kwa kuwa ladha zake kubwa huwa wazi, na karibu kila moja ina chanzo unachoweza kukionyesha kwa kidole.

Tuanze na hayo mafuta ya taa. Riesling changa ya Clare Valley au Eden Valley hunukia ndimu iliyokatwa sasa hivi, pamoja na maua ya mlimau na kitu kinachofanana na jiwe lililolowa mvua, na mdomoni ina uchachu ulionyooka unaofanya mate yatoke pembeni mwa ulimi. Haina sukari ya kuhisika, na haikupitia kwenye pipa la mbao. Ikikaa chupani, kemikali inayojulikana kwa kifupi kama TDN huongezeka polepole; hutokana na karotenoidi, jamaa ya ile rangi ya karoti, zilizomo ndani ya zabibu, na zabibu zilizopigwa na jua kali huwa na akiba yake kubwa zaidi. Hiyo ndiyo harufu ya mafuta ya taa. Kizibo cha gome nacho kina mchango wake, kwa kuwa hufyonza sehemu kubwa ya TDN kabla haijafika puani, wakati kifuniko cha kuzungusha hakifyonzi. Watengenezaji kadhaa wa Clare Valley walikubaliana kufunga Riesling yao ya mavuno ya mwaka 2000 kwa vifuniko vya kuzungusha, wakiwa wamechoka kuona mvinyo mzuri ukiharibiwa na vizibo vyenye uvundo, na uamuzi huo ulienea nchi nzima. Kwa hiyo anayeona kifuniko cha bati akadhani ameuziwa mvinyo wa bei poa, ajue kwamba Australia mambo ni kinyume: chupa ya kifahari kabisa huweza kufunguka kwa mkono mtupu.

Kipimo changu ni hiki: harufu ya mafuta ya taa iwe nyuma ya ndimu, isiwe mbele yake. Ikitangulia na kubaki peke yake, basi chupa imepitiliza muda wake, au zabibu ziliachwa juani mno.

Semillon, zabibu nyingine ya mvinyo mweupe, ya Hunter Valley, kaskazini mwa Sydney, ni kisa cha aina hiyo hiyo, ila cha ajabu zaidi. Bonde hilo lina joto na unyevu, na mvua hupenda kunyesha wakati wa mavuno, kwa hiyo zabibu huchumwa mapema, na mvinyo hutoka na kilevi cha asilimia 10 au 11 tu. Ukiuonja mwaka wa kwanza utashangaa nani aliuita bora: ni kama maji yaliyokamuliwa limau. Uache miaka 10, kisha rudi. Utakuta mkate uliobanikwa, siagi ya moto na asali, na utaapa kwamba mvinyo huo umelala ndani ya pipa lililochomwa, ingawa haujawahi kugusa mbao. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu glasi mbili za Semillon, changa na kongwe, bila kuwaambia lolote, na hakuna aliyekubali kwamba ni zabibu ile ile ya shamba lile lile.

Sasa Shiraz, zabibu nyeusi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jina la Australia katika mvinyo mwekundu limejengwa juu yake. Tunda ninaloliandika daftarini kwanza ni zambarau. Aliyewahi kula zambarau mbivu anakumbuka mambo matatu kwa pamoja: utamu mzito, ukakasi unaokausha fizi, na ulimi uliobadilika rangi. Shiraz ya Barossa, bonde la Australia Kusini, ina yote matatu. Ule ukakasi ndio tanini, na kazi ya mtengenezaji hodari ni kuufanya uwe laini kama vumbi la kakao badala ya kukwaruza kama ganda la ndizi mbichi.

Chupa inayojulikana zaidi ni Grange ya Penfolds. Max Schubert, mtengenezaji mkuu wa kampuni hiyo, alitumwa Ulaya mwaka 1950, akapita Bordeaux, Ufaransa, akaonja mivinyo iliyozeeka kwa miongo kadhaa bila kufa, akarudi na nia ya kutengeneza wa kwake ambao nao ungeishi. Hakuwa na Cabernet, zabibu nyeusi ya Bordeaux, ya kutosha, akatumia Shiraz. Hakutegemea shamba moja, akachanganya zabibu za maeneo tofauti. Akaumalizia mvinyo uchachukaji wake ndani ya mapipa mapya ya mwaloni wa Marekani. Mvinyo wa kwanza wa majaribio ulikuwa wa mwaka 1951. Waonjaji wa wakati ule waliukataa, na mmoja wao alisema ladha iliyotawala humo ni ya sisimizi waliopondwa. Mwaka 1957 wakuu wa kampuni wakamwamuru aache. Hakuacha: mavuno ya 1957, 1958 na 1959 aliyatengeneza kwa siri, bila fedha za kununulia mapipa mapya, hadi mivinyo ya mwanzo ilipoanza kukomaa na amri ikabatilishwa mwaka 1960.

Simulieni kisa hicho mnavyopenda, lakini mimi hukikumbuka kwa sababu kinaeleza kilichomo kwenye glasi. Mwaloni wa Marekani una lactoni, kemikali za harufu, nyingi kuliko wa Ufaransa, na kwa mtu wa pwani harufu yake haihitaji mkalimani: ni nazi iliyokunwa, pamoja na vanila. Grange changa ina nazi, zambarau, lami ya barabara iliyopata jua, na nyuma yake mguso mdogo wa ukali kama siki, unaoinua harufu zote kutoka kwenye glasi. Mguso huo wa siki ni asidi tete, na katika mvinyo mwingine ningeuita kasoro. Katika Grange ni sehemu ya mwendo wake, na nadhani ndio uliowafanya wale waonjaji wa zamani wataje sisimizi. Baada ya miaka 20 nazi hujificha, na hubaki ngozi, tumbaku, kahawa na utamu wa matunda makavu. Ninaipenda, ila sitasema kwamba ndiyo Shiraz ninayoipenda kuliko zote.

Ninayoipenda kuliko zote ni Hill of Grace ya familia ya Henschke. Inatoka katika shamba moja tu, Eden Valley, mbele ya kanisa la Kilutheri liitwalo Gnadenberg. Jina la mvinyo ni tafsiri ya jina hilo la Kijerumani, na mvinyo wa kwanza wenye jina hilo ulitengenezwa mwaka 1958. Mizabibu yake mikongwe ilipandwa karibu na mwaka 1860, na bado imesimama juu ya mizizi yake yenyewe. Jambo hilo si la kawaida duniani. Filoksera, mdudu mdogo anayeshambulia mizizi, aliangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, akaingia jimbo la Victoria mwaka 1877, lakini hakuwahi kuingia Australia Kusini, ambako sheria za karantini hukataza hata kubeba udongo na zabibu kiholela. Ndiyo maana Barossa kuna mizabibu ya Shiraz iliyopandwa miaka ya 1840 inayozaa hadi leo. Mwaka 2009 wazalishaji wa huko walikubaliana kuipanga kwa umri, wa miaka 35, 70, 100 na 125, ili neno "kongwe" lisitumike ovyo kwenye lebo.

Mzabibu mzee huzaa kidogo, na vichala vyake huwa vichache na vidogo. Niliushika mmoja nilipokwenda kufanya kazi ya mavuno: shina nene kama paja, limejikunja, gome linabanduka kama karatasi, na mkono mmoja tu ndio uliobeba zabibu. (Majira ya baridi mti huo hulala kabisa na huvunwa mara moja kwa mwaka, tofauti na mizabibu ya Dodoma ambayo huvunwa mara mbili kwa kukosa baridi ya kuilaza.) Katika glasi, Hill of Grace haina uzito wa Grange. Ni zambarau tena, lakini imezungukwa na viungo: mdalasini, karafuu kwa mbali, na pilipili manga. Ladha hubaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza, na hubadilika inapoondoka. Nimewahi kuhesabu hadi dakika nzima.

Kuhusu pilipili manga, hiyo si tashbihi. Wanasayansi wa Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia walitangaza mwaka 2008 kwamba Shiraz ina rotundoni, kemikali ile ile inayoipa pilipili manga harufu yake. Huonekana zaidi katika maeneo ya baridi, kama Grampians huko Victoria. Takriban mtu mmoja kati ya watano haisikii kabisa, kwa hiyo wawili wakibishana mezani kama mvinyo una pilipili au hauna, huenda wote wanasema kweli.

Mkaratusi nao una habari yake. Coonawarra, karibu na mpaka wa Victoria, ni ukanda mwembamba wa udongo mwekundu juu ya mawe ya chokaa, na Cabernet Sauvignon yake ina harufu ambayo kila aliyejifukiza majani ya mkaratusi kwa ajili ya mafua ataitambua papo hapo. Kwa miaka mingi watu waliihusisha na zabibu au na udongo. Utafiti wa taasisi ile ile ulionyesha kwamba inatoka kwenye miti yenyewe: safu za mizabibu zilizo jirani na mikaratusi hupata mafuta yake kwa wingi, na majani na magome yakidondoka ndani ya makreti ya mavuno huongeza zaidi. Wapo watengenezaji wanaotenga safu hizo ili kupunguza harufu, na wapo wanaoiacha. Mimi ni wa kundi la pili, mradi isizidi. Cabernet yenye mkaratusi kidogo juu ya tunda jeusi na ukakasi imara inasema imetoka wapi. Ikizidi, ni dawa ya kuchua.

Margaret River, upande wa magharibi kabisa, nitaipitia haraka kwa sababu ni changa. Dokta John Gladstones aliandika mwaka 1965 kwamba hali ya hewa yake inafaa kwa mvinyo, na shamba la kwanza la kibiashara, Vasse Felix, lilianzishwa mwaka 1967. Chardonnay yake, mvinyo mweupe, kwa sehemu kubwa hutokana na mmea uitwao Gingin, ambao kichala chake huwa na punje kubwa na ndogo pamoja, kama kuku na vifaranga. Punje ndogo zina maji machache, ndiyo maana mvinyo huwa mzito na mchachu kwa wakati mmoja. Leeuwin Estate Art Series ndiyo ya kutafuta: balungi, peasi, na korosho mbichi, naam, korosho.

Neno moja la matumizi kabla sijafika mwisho. Maelezo mengi husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba hicho ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya. Mombasa au Dar es Salaam, chumba kina nyuzi 30, na Shiraz ya Barossa yenye kilevi cha asilimia 14 au 15 ikinywewa hivyo huchoma pua, na zambarau yote hupotea. Iwekeni kwenye jokofu dakika 30, ifike nyuzi 16 hadi 18. Nimeona chupa za bei ya kutisha zikipangwa kwenye rafu juu ya jiko la mkahawa, ati zipendeze.

Mivinyo mitamu nimeiacha mwisho kama inavyoachwa mezani. Muscat ya Rutherglen, kaskazini-mashariki mwa Victoria, hutengenezwa kwa zabibu zilizoachwa zinyauke mtini, ikaongezwa pombe kali kuzuia uchachukaji, kisha ikawekwa kwenye mapipa makuukuu ndani ya mabanda ya bati yenye joto, ambako maji hupungua mwaka hadi mwaka na kilichobaki huwa kizito. Imepangwa kwa madaraja manne: Rutherglen, Classic, Grand na Rare. Ya daraja la chini kabisa, Rutherglen, hunukia waridi na zabibu kavu. Ya Rare, iliyochanganywa kutoka mapipa yenye umri wa wastani wa miaka 20 au zaidi, ni nyeusi yenye ukingo wa kijani, na hung'ang'ania glasi kama mafuta. Ni tende, kahawa chungu, ganda la chungwa na halua iliyopikwa hadi ikakaribia kuungua. Utamu wake ungechosha kama si uchachu ulio chini yake, unaosafisha ulimi na kukuomba tone jingine. Mimina kidogo sana, na usiioshe glasi usiku huo. Asubuhi, ikiwa imekauka na tupu, bado itanukia kahawa na tende.