Kuonyesha nyumba mwenyewe akiwa hayupo, maana yake nini hasa

Kuonyesha nyumba mwenyewe akiwa hayupo ni hivi: nyumba inauzwa ama inapangishwa, mwenye nyumba yuko mbali, labda yuko kyeyo, yaani vibarua vya nje, Dubai ama London ama Boston, labda amehamishiwa kazi Gulu tu kule kaskazini na nyumba iko Namugongo karibu na Kampala, sasa mtu mwingine anashika funguo, anapanga siku na saa na wale wanaotaka kuiona, anawafungulia, anawazungusha vyumbani, wakitoka anafunga. Ndo hivo tu. Ndani yake hakuna kuuza, hakuna kupokea pesa wala kusaini. Nalisema mapema manake hapa Uganda shida nyingi za nyumba za watu walio mbali zinaanzia hapo hapo, pale aliyepewa funguo anapoanza kujiona kama amepewa na nyumba.

Pita Kira, Najjera, Kajjansi, hata Kampala yenyewe, utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu herufi kubwa kubwa kwamba nyumba hii haiuzwi, na mara nyingi namba ya simu chini. Mgeni anashangaa, kwani nani ameuliza? Aliyeandika anajua kwa nini ameandika. Inaweza kuwa ndugu alileta wanunuzi pale mwenyewe akiwa nje hana habari, inaweza kuwa dalali aliyezoeana na askari wa geti mpaka anaingia kama kwake, inaweza kuwa ni kesi ya urithi haijaisha. Na mnunuzi naye akiona kufuli imefunguliwa kwa funguo yake bila kuvunja, maji yanatoka bombani, picha za watoto ziko ukutani, moyo unamwambia huyu ndiye mwenyewe ama ametumwa na mwenyewe. Lakini mlango kufunguka hauonyeshi kitu kingine zaidi ya kwamba kuna mtu ana funguo.

Kwa hiyo ukitaka kuelewa jambo hili vizuri tenganisha kazi tatu ambazo watu wanazichanganya. Kuna kufungua mlango, kuna kuzungumza bei, na kuna kupokea pesa na kusaini.

Kufungua anaweza kufanya yeyote unayemwamini na aliye karibu: keateka, yaani mtunza nyumba, dada yako, jirani wa miaka mingi, mama wa kanisani kwenu. Hahitaji kuwa msomi. Anahitaji kushika saa, kutulia na kutokubali soda ya kumfungua mdomo. Bei ni ya mwenyewe. Yuko kwenye simu, aongee mwenyewe, na kama amempa dalali basi awe dalali mmoja na bei iwe imeandikwa, manake ukiwapa madalali watano kila mmoja ataweka cha kwake juu na nyumba moja itasikika mjini kwa bei tano, mnunuzi mwenye akili akisikia hivo anakimbia. Pesa na saini ndo kabisa, hapo keateka asiguse, ni mwenye nyumba kwenye akaunti ya benki yenye jina lake, ama mtu aliyepewa hati ya uwakala, ile karatasi ya kisheria ya kufanya kwa niaba yake, na loya akiwepo.

Hiyo hati ya uwakala watu wanaiogopa bure ama wanaitoa ovyo, katikati hakuna. Aliye nje anaisaini mbele ya notari ama kwenye ubalozi wa Uganda kule aliko, alafu ikifika huku inasajiliwa kabla haijatumika kwenye ofisi ya ardhi. Ndani yake iandikwe wazi bloku na ploti, zile namba za kiwanja, ni ipi, aliyepewa anaruhusiwa kufanya nini, na mwisho wake lini. Ukiandika tu kwamba unamruhusu kaka yako ashughulikie mali zako zote, umemtwika kaka jaribu ambalo hata mtu mzuri linaweza kumshinda siku mtoto wake amefukuzwa shule kwa ada. Na kwa kuonyesha nyumba peke yake huihitaji kabisa. Barua fupi inatosha: mimi fulani, mwenye nyumba fulani, nimemruhusu fulani afungulie wageni, haruhusiwi kupokea pesa yoyote. Nakala moja abaki nayo, nyingine apelekewe chemani wa LC1, yaani mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mimi naona hiyo nakala ya chemani ndo kinga kubwa kuliko kufuli yoyote, sababu chemani akishajua, magari ya wageni yakianza kuingia bila habari atauliza, na jirani akiona vitu visivyoeleweka anajua wapi pa kwenda kusema.

Kitu kingine hapo hapo. Kama ni nyumba ambayo familia inaishi ama inaitegemea kwa riziki, Sheria ya Ardhi ya 1998 na marekebisho yake ya 2004 inataka ridhaa ya mume ama mke kabla ya kuuza. Sasa bwana yuko Dubai, anatuma mdogo wake aonyeshe nyumba wakati mke na watoto wamo ndani wanakula, mke hajaambiwa kitu, hapo hakuna cha kuonyesha, kuna ugomvi tu. Waongee kwanza wenyewe.

Tuje kwenye siku yenyewe, manake hapa ndo watu wanapoteza wanunuzi bila kujua. Nyumba iliyofungwa miezi miwili mitatu ina hali yake. Ukifungua mlango harufu ya unyevu inakupiga usoni, vumbi jekundu limeingia chini ya dirisha likakaa juu ya masinki, mende wamelala chali bafuni, na kama popo wameingia darini utaona alama ya kahawia kwenye silingi bodi na harufu yake haifichiki hata kwa dawa ya kupuliza. Mgeni akiingia moja kwa moja kwenye hali hiyo anaondoka na picha moja tu kichwani, nyumba mbovu, hata kama kuta ni imara kabisa. So aliyeshika funguo aende jana yake. Afungue madirisha yote, afute, aachie maji yatoke mpaka yale ya kutu yaishe, aangalie mchwa kwenye fremu za milango, na aangalie Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti ngapi. Yaka kuwa sifuri siku ya wageni ni kitu kidogo sana na kinaharibu sana, mtu anabonyeza swichi, giza, anaanza kuuliza kama waya zimeharibika, kama kuna deni, kumbe ni tokeni ya elfu kumi tu. Mwenyewe anaweza kuinunua akiwa popote na kumtumia keateka zile namba kwa simu, akaziingiza, kwisha.

Mvua nayo. Barabara nyingi za mitaa yetu ni za udongo mwekundu, na kuanzia Machi mpaka Mei, tena Septemba mpaka Novemba, baada ya mvua kubwa gari dogo halipandi vilima vingine. Panga asubuhi ama mchana, acha nafasi ya kuahirisha. Wengine wanasema bora mtu aione barabara ikiwa mbaya ili ajue ukweli, na hilo nakubaliana nalo kwa kuwa atakuja kuijua tu, lakini mwambie mapema aje na gari linalofaa ama apande boda, usimwache akwame kwenye matope na nguo za ofisi.

Saa za huko na huku zinasumbua kuliko watu wanavyodhani. Saa nne asubuhi ya Kampala, Boston wakiwa kwenye majira ya joto ni saa tisa usiku. Kama unataka mwenyewe awe kwenye simu ya vidio wakati wageni wako ndani, panga saa kumi na moja jioni, kwake itakuwa saa nne asubuhi, na huku mwanga bado upo, kiza kinaingia karibu saa moja. Dubai ni rahisi, wametangulia saa moja tu. London wako nyuma saa mbili ama tatu kulingana na majira yao.

Na ile simu ya vidio ni muhimu kweli, sio fasheni. Mgeni anazunguka, anaona anachoona, wanafika jikoni anamgeukia keateka, "Mzee, bei ya mwisho ngapi, tuongee sisi wenyewe." Keateka aliyeelekezwa vizuri anasema, "Ssebo, mimi nafungua tu, bei iko kwa mama mwenye nyumba, huyu hapa kwenye simu." Maneno machache hayo yanamlinda keateka na lawama, yanamlinda mama asipunguziwe nyumba yake nyuma ya mgongo wake, na yanamlinda hata yule mgeni asije akatoa milioni zake mkononi mwa mtu asiye na haki ya kuzipokea. Wakati mwingine lugha ni shida pia, keateka ni wa Luganda, mgeni ametoka Arua ama ni Mkenya anaongea Kiswahili, mama yuko kule anaongea zote, hapo simu inaokoa.

Kabla ya kufungua geti, jua unamfungulia nani. Jina, namba ya simu, kitambulisho kiangaliwe, askari aandike kwenye kitabu na saa ya kuingia na kutoka. Wasiingie makundi mawili kwa wakati mmoja kama aliyeshika funguo yuko peke yake, mmoja akimshughulisha sebuleni mwingine yuko chumbani, hivo ndo vitu vinapotea. Vitu vya thamani na makaratasi vifungiwe chumba kimoja ama vihamishwe kwa ndugu, na hati ya kiwanja, ile kyapa, isikae kwenye hiyo nyumba hata siku moja. Kwenye tangazo usiandike kwamba mwenyewe yuko nje ya nchi. Unawatangazia wezi. Andika mtaa, vyumba, bei, namba, inatosha, na picha ya geti yenye namba ya nyumba usiweke.

Sasa wewe unayeenda kuona nyumba, upande wako nao una maana yake. Madalali wengi wa Kampala wanaomba pesa ya kuonyesha kabla hata hamjatoka, wanasema ni ya mafuta ama ya boda. Kulipa nauli ya mtu aliyekuzungusha siku nzima sioni ubaya, ametumia muda wake, ila usitume kwa Mobile Money kwa mtu hujamwona akakuambia nyumba iko Kyanja nitakuelekeza. Fika, ingia, ndo ulipe. Mwenye nyumba naye anaweza kumaliza hilo kwa kuandika kwenye tangazo kwamba kuonyesha ni bure.

Ukiwa pale muombe aliyekufungulia ile barua. Kama hana, omba kuongea na mwenyewe kwa vidio sio kwa sauti tu. Ukitoka usiende moja kwa moja kwenye gari, msalimie jirani, muulize nyumba ni ya nani, alafu mpitie chemani wa LC1. Kama ni kununua, chukua namba ya bloku na ploti upeleke ofisi ya ardhi ya eneo hilo wakutafutie kwenye rejista, utajua jina lililoandikwa ni la nani, kama benki imeishika kwa mkopo, kama kuna mtu ameweka kaveti, yaani zuio. Wakikuambia ni kibanja, yaani mtu anakaa kwenye ardhi ya mwingine, hakina kyapa yake, hapo kuna mwenye ardhi na kuna mwenye kibanja, na kwenye ardhi ya mailo, ule umiliki wa kudumu wa Buganda, mwenye ardhi lazima ahusishwe, kwa hiyo ukimwona mmoja tu bado hujamaliza. Na ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wajue hili kabla ya kupanda basi kuja kuangalia nyumba: asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala frihodi, ambayo nayo ni umiliki wa kudumu, anapata lizi, yaani kukodi ardhi kwa muda, isiyozidi miaka 99.

Kwa kupanga ni rahisi kidogo lakini usilegee. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka mkataba uwe wa maandishi kama thamani yake ni shilingi 500,000 ama zaidi, na inazuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo keateka akikuambia lipa tu leo mwenyewe akirudi Krismasi ndo mtaandikiana, mwambie utasubiri karatasi, ama mwenyewe aisaini huko aliko aitume.

Imebaki nyumba yenye mpangaji ndani. Mwenyewe hayupo, lakini mle ndani kuna mtu amelipa kodi yake na ni kwake mpaka miezi yake iishe. Aambiwe mapema, aulizwe siku gani anaweza, sio kupigiwa simu wageni wakiwa getini wakati mama watu ananyonyesha ama wako kwenye futari. Nimeona wenye nyumba wakipunguza kodi kidogo mwezi ule wa kuonyesha, na wapangaji wakaosha nyumba wenyewe na kuelezea wageni mambo ambayo hata mwenyewe hayajui, maji yanakatika siku gani, jirani gani anapiga muziki, bomba lipi linavuja. Mpangaji aliyeheshimiwa anaonyesha nyumba vizuri kuliko dalali. Aliyedharauliwa atawaambia wageni darini kuna nyoka.

Wageni wakishaondoka, aliyeshika funguo ampigie mwenyewe siku hiyo hiyo amwambie walikuja nani, walisema nini, nini hawakupenda, alafu ahakikishe maji yamefungwa, taa zimezimwa na madirisha ya nyuma yamefungwa, manake wengine wanaacha dirisha moja wazi kwa makusudi wakitaka kurudi usiku.