Si Betri: Kuhusu Mashine ya Kukata Nyasi Inayogoma Kuwaka

Jumatatu ya wiki hii mzee mmoja kutoka upande wa Lanet aliniletea mashine yake ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa na kuendeshwa kama trekta ndogo, ikiwa nyuma ya pikapu pamoja na betri mbili. Moja aliinunua Januari na nyingine Aprili. "Fundi," akaniambia hata kabla hatujaishusha mashine, "betri za siku hizi ni takataka tupu." Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa ni mteja na ni mtu mzima, lakini tangu mvua za masika zianze na nyasi za Nakuru kupanda hadi magotini, huyo alikuwa wa nne kuja na maneno hayo hayo, na betri zote nilizoletewa na hao wanne zilikuwa nzima.

Dalili waliyoileta ilikuwa moja. Ukigeuza ufunguo, stata inaanza kuizungusha injini kwa nguvu, kisha pistoni inapanda, inagota na kukwama. Ukirudia mara tatu au nne, huenda ikapita na injini ikawaka, na huenda isipite kabisa. Kwa masikio ya mwenye mashine, huo ni mlio wa betri iliyochoka. Simlaumu kwa kufikiri hivyo mara ya kwanza. Ninayemlaumu ni fundi aliyemuuzia betri ya pili bila kuweka mita ya kupimia umeme mahali popote.

Kuna mashine zisizowaka kwa sababu nyingine, na hizo nitazipitia upesi. Ikiwa ukigeuza ufunguo husikii hata mlio wa solenoidi, ile swichi nzito inayoipelekea stata umeme wa betri, angalia fyuzi, kisha swichi iliyo chini ya pedali ya breki na ile ya kuunganisha visu, kwa sababu hizo mbili kwa kawaida hukata waya mwembamba unaoiamuru solenoidi. Ikiwa injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, chungulia petroli kwanza: iliyolala ndani ya kabureta tangu Desemba huacha utando unaoziba tundu dogo la jeti, na hakuna choki itakayolizibua. Kisha angalia cheche. Injini nyingi ndogo za namna hii hutengeneza cheche kwa sumaku zilizo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, zinapopita mbele ya koili, kwa hiyo cheche haihitaji betri hata kidogo; kinachoizima ni waya mmoja unaounganisha koili na chuma cha mashine, na panya akiumenya waya huo ukagusa chuma, utabadilisha plagi hadi uchoke. Swichi ya kiti nayo hufanya kazi kupitia waya huo huo kwenye mashine nyingi. Naomba msiiunganishe moja kwa moja ili "isisumbue". Ipo ili visu visiendelee kuzunguka wakati wewe umeanguka kando.

Sasa nirudi kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki na takriban nusu. Hadi hapo kila mtu anajua. Jambo ambalo watu hawalipimi ni volti wakati stata inavuta. Weka mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, mtu mwingine ageuze ufunguo, nawe usome: isiposhuka chini ya volti 9.6 hivi huku stata imekwama, betri hiyo inatoa umeme wake kama inavyopaswa, na tatizo liko kati ya betri na pistoni. Betri ya mzee, ile ya Januari, ilisoma 10.4.

Baina ya betri na pistoni kuna mambo mawili yanayonikosesha usingizi. La kwanza ni waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu au kwenye injini kwa boliti moja, chini, mahali ambapo maji ya kuoshea, nyasi mbichi na vumbi letu hukutana. Waya unaonekana mzima kwa nje na boliti imekaza, lakini chini yake kuna kutu. Stata inaweza kuvuta ampea 100 kwa urahisi, na ukikadiria kutu hiyo kuwa na ukinzani wa omu 0.05 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha kwa uhakika, volti 5 zitapotelea pale pale. Hata betri ingebaki na 12.6, stata ingepata 7.6 tu, halafu unaambiwa ununue betri. Kuipata hitilafu hii ni rahisi: ncha moja ya mita iwe kwenye kichwa cha hasi chenyewe, si kwenye kibano chake, na ncha ya pili iwe kwenye chuma kitupu cha injini, geuza ufunguo. Ukiona zaidi ya nusu volti, fungua boliti, kwangua kutu hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo baada ya kukaza, na uende zako.

La pili ni tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya vali na kinachoisukuma ifunguke, na hapa ndipo subira yangu hukatika. Injini kubwa ya silinda moja ina mgandamizo ambao stata ndogo na betri ndogo haziwezi kuushinda kwa urahisi, kwa hiyo watengenezaji waliweka ujanja kwenye kamshafti, ule mhimili unaozifungua vali: kinundu kidogo ambacho, wakati injini inazungushwa polepole, huinua vali kidogo tu, chini ya milimita moja, ili sehemu ya hewa ivuje na pistoni ipite. Nafasi ya tapeti ikizidi kiasi, kinundu hicho humaliza kazi yake kwa kuziba ile nafasi ya ziada, na vali haiinuki. Mgandamizo wote unabaki ndani. Stata inagota ukutani, na wewe unaisikia betri imekufa.

Imani hii haifi kwa sababu betri mpya huonekana kuitibu. Betri iliyotoka dukani, ikiwa imejaa na yenye nguvu kidogo kuliko ya zamani, inaweza kuisukuma pistoni kupita mgandamizo kamili, mashine ikawaka, na mwenye nayo akaapa kwamba ilikuwa betri. Baada ya wiki sita nafasi imeongezeka kidogo tena, au asubuhi ni ya baridi na oili ni nzito, na amerudi alikotoka. Kuazima umeme kwa nyaya kutoka kwenye gari hudanganya mara mbili zaidi: betri ya gari ina nguvu ya kutosha kushinda tapeti mbovu, na ukibana waya wa hasi kwenye injini, kama inavyopendekezwa, umeuruka ule waya wa hasi wenye kutu. Mashine inawaka kwa mkupuo mmoja. Umethibitisha nini? Hakuna.

Kuipima tapeti, injini iwe baridi kabisa. Fungua kifuniko cha vali, zungusha flaiwili kwa mkono hadi pistoni ifike juu kwenye mgandamizo, kisha iendeleze ishuke kama milimita sita. Watu wengi hupima pistoni ikiwa juu kabisa, na kwenye injini nyingi zenye kinundu hicho wanapata kipimo cha uongo. Ingiza filageji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Injini nyingi za aina hii zinataka kati ya milimita 0.08 na 0.18, vali ya kutoa moshi ikipewa nafasi kubwa kuliko ya kuingiza hewa, lakini soma kitabu cha injini yako badala ya kuniamini mimi. Mashine ya mzee ilikuwa na 0.35 upande wa kuingiza. Niliirekebisha kwa dakika ishirini, nikarudisha betri ya Januari, na ikawaka kwa mguso wa kwanza.

Nikiri jambo ambalo vitabu hulipita kimya. Zamani nilikuwa nikitoa plagi na kuzungusha injini bila mgandamizo. Ikizunguka kwa kasi, nilisema umeme ni mzima na kosa ni tapeti. Jaribio hilo lilinidanganya zaidi ya mara moja, kwa sababu injini isiyo na mzigo huvuta ampea chache, na ampea chache hupita kwenye kutu bila kelele. Wateja wawili wa Njoro niliwarekebishia tapeti ambazo labda hazikuwa na tatizo kubwa, kisha wakarudi na waya uleule wa hasi. Siku hizi napima upotevu wa volti kwanza, hata nikiwa na hakika. Hata hivyo, mara nyingine nakuta waya mbaya kidogo na tapeti mbaya kidogo, narekebisha vyote viwili, mashine inawaka, na mteja akiniuliza hasa ilikuwa nini, sina jibu la kweli la kumpa.

Mzee alitaka kujua afanye nini na betri ya Aprili. Nilimwambia aiweke mahali pakavu, aichaji walau mara moja kila mwezi au miwili, kwa kuwa betri ya risasi hujimaliza yenyewe hata ikilala rafuni, na ikilala bila chaji muda mrefu ndipo itakapokuwa takataka kweli.