Je, wajua kwa nini mpagazi wa Unyamwezi alibeba frasila mbili?

Kabla ya reli, kitambaa kilichovaliwa Ujiji na pembe ya ndovu iliyouzwa Bagamoyo vyote vilipita juu ya bega la mtu. Bega hilo mara nyingi lilikuwa la Mnyamwezi, na mzigo wake ulikuwa na kipimo kilichojulikana njia nzima: frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kwa nini abebe mtu na si mnyama? Na kwa nini frasila mbili, si moja wala nne?

Aliyeamua la kwanza ni mdudu. Mapori ya miombo yanayoizunguka Tabora yana mbung'o, wengine humwita ndorobo, na mbung'o hueneza vimelea vinavyoua ng'ombe, farasi na punda kwa nagana, na kumletea binadamu malale. David Bruce alivitambua vimelea vya nagana kusini mwa Afrika mwaka 1895, ila wenye mifugo walikuwa wanajua siku nyingi ni mapori gani hayapitishwi ng'ombe. Wageni hawakusadiki mpaka wajionee. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka pwani kwenda Ujiji na magari ya kukokotwa na maksai, na maksai wakafa njiani. Miaka miwili baadaye msafara uliotumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji ulishusha tembo wanne kutoka India karibu na Dar es Salaam. Ni mmoja tu aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Basi mzigo ukabaki kwa mtu, na mtu ana kikomo. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na msafara mkubwa ulitumia kama miezi mitatu. Mwanamume mwenye nguvu anaweza kubeba kilo 50 asubuhi moja. Kuzibeba kila siku kwa miezi mitatu, huku akivuka mito na kulala kambini, ni jambo jingine. Isitoshe, mzigo wa tajiri haukuwa peke yake: mpagazi alikuwa na sufuria yake, mkeka, posho na silaha. Frasila mbili ndizo zilizomwezesha kuamka kesho yake na kujitwika tena. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipojiandaa kwenda kumtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, alikuwa na shehena ya ratili 11,000 hivi. Aliambiwa mtu mmoja asipewe zaidi ya ratili 70, na ratili 70 ni frasila mbili zilezile. Hesabu ikamtaka watu karibu 160.

Ufungaji wenyewe ulikuwa kazi ya fundi. Kitambaa kilipimwa kwa doti, mikono minane, kipimo ambacho kanga huuzwa kwacho mpaka leo. Kulikuwa na merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Marekani, na kaniki ya buluu iliyoiva. Doti zilikunjwa, zikapangwa, zikafungwa kamba ya kumbi, kisha mzigo ukatwangwa mpaka ukawa mgumu kama gogo. Mzigo huo ndio mtumba. Kila mtumba wa Stanley ulikuwa na urefu wa futi tatu na nusu na upana wa futi moja, nayo mitumba yote ilikuwa 82 ya kufika Unyanyembe, nchi iliyoizunguka Tabora. Arobaini ilikuwa merikani na kaniki tupu. Iliyobaki ilikuwa ya kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi na kuajiri wapagazi wapya Tabora, maana wale wa pwani walipatana kufika hapo tu. Ushanga ulitiwa kwenye mifuko, na mizingo ya waya, masango, ilining'inizwa kwenye ncha mbili za mti: mzegazega. Pembe kubwa ya ndovu haikugawanyika, kwa hiyo alipewa mpagazi hodari, naye alijivunia.

Ustadi huu ulifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingefundishwa katika kila shule ya Tabora na Kigoma kabla ya kile kisa cha Stanley kuvua kofia Ujiji. Livingstone alifariki Mei 1873 huko Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili na kuuchukua kwenda pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Walipopita Tabora na kufika Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Usiku wale watu wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo yakawa na umbo la mtu, wakawatuma wenzao wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Njiani wakayatupa porini. Mwili wenyewe wakauvua gome la mti uliokuwa umefungiwa na kuufunga upya kwa kitambaa, mtumba kama mitumba mingine. Ukapita. Februari 1874 ulikuwa Bagamoyo, na Aprili ukazikwa London.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na behewa moja likachukua mizigo ya mamia ya watu. Kipimo cha bega kikakosa kazi, jina la mtumba likabaki. Belo la mitumba linalofunguliwa leo katika soko la Mwanga, Kigoma, huwa na kilo 45 kwa kawaida, karibu frasila tatu, kwa sababu limekandamizwa na mashine, limekuja kwa lori, na mchukuzi hulibeba hatua chache tu kutoka garini hadi kibandani.